Nani Amegusa Kioo

Kila asubuhi mume wangu Huqa alikuwa akiingia kwenye pikapu, anafunga mlango, anaangalia kulia, anaangalia kushoto, halafu anauliza swali lile lile.

"Nani amegusa kioo?"

Sasa nani? Nyumba yetu ya Burat ina mimi na yeye tu. Binti yetu Amran ameolewa Garbatulla, yuko na watoto wake huko. Kwa hivyo anayeulizwa ni mimi, lakini mzee anauliza kama kuna watu wengi wamejipanga uani na mmoja wao atajitokeza aungame. Namjibu, "Ni mbuzi wamegusa, Baba Amran." Zamani alikuwa anacheka. Mwaka huu aliacha kucheka, na hapo ndipo mambo yalianza kunichanganya.

Kazi yetu ni mbuzi. Tunanunua kwa akina mama wa Burat, tunapakia, tunapeleka soko ya mifugo Isiolo. Mbuzi akilala chini ndani ya gari, huyo amekwisha, wenzake wanamkanyaga mpaka anakata roho. Ndiyo maana Huqa tangu ajue gari anakiweka kioo cha kushoto kikiangalia ndani, kimeinama kidogo, aone migongo ya mbuzi. Akikosa mgongo anasimama, anashuka na fimbo, anamwinua aliyelala. Hiyo ndiyo kazi ya kioo cha kushoto. Upande wa kushoto wa barabara wenyewe ulikuwa kazi yangu. Mimi nakaa upande huo, naangalia nje, nasema. Sawa. Ngoja. Pikipiki. Ngoja. Punda. Sawa, ingia. Nilikuwa nasema hata nikiwa natafuna, hata kama tumegombana tangu alfajiri na hatusemezani kitu kingine. Waulize watu wa mbuzi wote, watakwambia anayekaa kushoto ndiye mwenye kushoto.

Halafu mimi nikaenda kujifunza gari.

Niliutaka usukani, nasema wazi. Huqa ana ng'ombe wake kwa ndugu yake kule Korbesa, na akienda kuwaangalia anakaa mpaka atosheke. Mimi nabaki na mbuzi nimeshawanunua, wamefungwa uani, wanakula majani yangu na kukonda, na pikapu imesimama hapo hapo inaniangalia. Nikimwomba jirani aniendeshee, leo yuko, kesho ana harusi. Nikasema hapana, mimi pia nina mikono na miguu. Huqa hakukataa. Alisema tu, "Jifunze, tuone," kwa ile sauti ya mtu anayejua utachoka.

Sikuchoka. Mwalimu wangu alikuwa Mutuma, kijana wa Meru mwenye shule ya udereva hapo mjini, na gari yake ni ndogo, nyeupe, imefutwa mpaka unajiona. Siku ya kwanza akaniuliza, "Mama, unaona nini kwa hiyo kioo ya kando?"

"Naona mlango wa gari."

"Mlango wa gari yako?"

"Ndiyo."

"Gari yako unaijua, mama. Hiyo haitakuja kukugonga. Sukuma kioo nje."

Akanifundisha. Nilaze kichwa mpaka kiguse dirisha la kulia, halafu nisukume kioo nje mpaka ubavu wa gari ubaki mstari mwembamba tu. Nikirudi kukaa sawa, gari yangu sioni tena, naona barabara. Kushoto niinamie katikati ya gari, nifanye vile vile. Alisema watu wengi vioo vyao vyote vitatu vinaangalia mahali pamoja, nyuma, na ubavuni wanaacha nafasi ya kumeza pikipiki nzima na abiria wake.

"Na mbuzi?" nikamuuliza.

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi wa nyuma. Nitawaonaje?"

Mutuma akaniangalia, akaangalia nyuma ya gari yake ndogo ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa kitambaa cha kufutia. "Mama, hiyo ya mbuzi sijui," akasema.

Basi nikatoka hapo kichwa kimejaa. Kioo kikiangalia mbuzi, hakioni barabara. Kikiangalia barabara, mbuzi wanakufa. Na kile kioo cha ndani, kwa pikapu iliyopakiwa, kinakuonyesha pua za mbuzi na pembe, basi. Nilipopata leseni bado nilikuwa nageuza haya mambo kichwani, na kila nikiyageuza yanakuja vingine.

Siku moja nikiosha pikapu nikavisukuma vioo vile vyote viwili nje, kama Mutuma alivyosema. Huqa akaingia asubuhi. "Nani amegusa kioo?" Na siku hiyo, wallahi, alikuwa ni mimi kweli. Nikamweleza. Nikamweleza vizuri, kwa upole, na mimi upole sina mwingi. Nikamwambia dereva anatakiwa ajionee mwenyewe, hangoji mtu wa kando amwambie.

"Ajionee mwenyewe," akasema.

"Ndiyo. Mwalimu amesema."

"Sawa. Basi wewe nyamaza, vioo vya mwalimu viseme."

Nikanyamaza. Mimi nikinuna nanuna sawasawa. Kuanzia siku hiyo nikikaa kushoto nafunga mdomo, naangalia mikono yangu, sisemi sawa, sisemi ngoja. Ajionee.

Kwanza ulikuwa mkokoteni wa punda wa maji. Tulikuwa tunaingia lami, Huqa akauingilia ubavuni kabisa, punda akaruka, mitungi ikamwagika, mwenye punda akatutukania mpaka marehemu wetu. Huqa akashuka, akaenda moja kwa moja kwa kioo cha kushoto, akakirudisha ndani kwa kiganja. "Umeona vioo vyako?" akaniambia. Pengine kweli nilikuwa nimekiweka vibaya. Gari ya Mutuma ni fupi, yetu ni ndefu, nani anajua?

Lakini kioo kikiwa kimerudi kama anavyotaka yeye, bado akagonga nguzo ya kituo cha mafuta. Kushoto tena. Nguzo, jamani, imesimama hapo tangu tuje Burat, imepakwa rangi nyekundu na nyeupe ili hata mlevi aione. Nikamwambia, "Hiki kioo si umekirudisha wewe?" Akasema nimekilegeza, kwamba tangu nikichezee kinatingika, kikipigwa na upepo kinahama. Nikakishika kioo. Kikatingika kidogo, ama mkono wangu ndio ulitingika. Usiku huo sikulala vizuri. Nilianza kujishuku.

Asubuhi yake nikakaza skurubu yake. Kioo kikawa kigumu kama jiwe. Bado Huqa akaniuliza nani amekigusa.

Halafu likaja la Lochoro. Lochoro ni kijana Mturkana wa boda boda, anawabeba akina mama wa Burat na magunia yao, tunamjua, na yeye anatujua. Tulikuwa mjini tunakata kona ya kushoto kuingia njia ya soko. Lochoro alikuwa kando ya dirisha langu, karibu hivi kwamba ningenyoosha mkono ningemshika koti, na koti lenyewe ni jekundu. Mimi nimenyamaza kama nilivyoambiwa. Nani hawezi kuona mtu mzima mwenye koti jekundu? Huqa akageuza uso kushoto, akaangalia kioo, halafu akakata kona.

Tulimgonga ubavuni, pikipiki ikalala, naye akajikuta ameketi kando ya lami, suruali imepasuka goti. Mwenyezi Mungu alimwepusha, hakuvunjika. Watu wakajaa. Alipoinuka hakuwa hata na hasira, alikuwa ameshangaa tu.

"Mzee," akamwambia Huqa, "si umeniangalia? Umegeuka ukaniangalia kabisa kwa uso. Halafu ukaniingilia."

Huqa akasema, "Sikukuona. Mama Amran amenichezea kioo."

Mbele ya watu wote. Nikamwangalia Lochoro, nikaangalia kioo, nikamwangalia mume wangu, na wallahi sikuelewa kitu. Nilikuwa nimemwona Huqa akigeuka. Alimwangalia Lochoro kweli. Na Huqa si mtu wa kusema uongo, tangu nimjue ni mkali, ni mbishi, ana kichwa ngumu kuliko hawa mbuzi, lakini uongo hapana.

Jioni tulimtengenezea Lochoro indiketa yake na kumpelekea maziwa. Tuliporudi Huqa akakaa kwenye kigoda mlangoni, hakuvua hata viatu.

"Wewe na gari, basi," akasema. "Nikienda Korbesa naenda na ufunguo."

"Kwa sababu ya kioo?"

"Kwa sababu karibu uue mtu."

Mimi. Mimi niliyekuwa nimekaa kushoto na mikono yangu mapajani, eti karibu niue mtu. Lakini ndani yangu kulikuwa na sauti ndogo inasema, na kama ni kweli? Kabla nijifunze gari huyu mzee hakuwa amegonga hata kuku. Nilipogusa vioo ndipo yote yakaanza. Ukiyapanga hivyo, hata mimi ningejihukumu.

Kesho yake nikaenda kwa Mutuma. Nikamwambia kila kitu, nikamwambia pia kwamba kama vioo vyake vina makosa aniambie sasa hivi, kwa sababu mimi vimenipokonya gari.

Akasikiliza, akakuna kidevu. "Mama, kioo haibishani na mtu. Inapimwa. Dereva akae, aangalie mbele. Mtu mwingine atembee polepole kutoka nyuma, akipita ubavuni mwa gari. Akitoka kwa kioo ya ndani, aingie kwa ya kando. Akitoka kwa ya kando, awe ameshafika dirishani, dereva anamwona kwa pembe ya jicho bila kugeuka. Kukiwa na mahali anapotea, songesha kioo mpaka asipotee."

"Na mbuzi?"

"Kwa pikapu yako hiyo ya ndani usiihesabu, haina kazi, inaonyesha pembe tu. Mbuzi ukitaka kuwaona, simama uwaangalie." Huyu kijana amejifunza kujibu.

Nilidhani Huqa atakataa. Alikubali haraka, kwa sababu na yeye alitaka kushinda. "Twende," akasema. "Nikuonyeshe mbele ya mbuzi wako."

Tukaenda asubuhi, pikapu imejaa, tukasimama kwenye uwanja wa changarawe kabla ya kufika soko. Hapakuwa na watu isipokuwa mama mmoja mbali akipanga sufuria zake za chai. Nikavipanga vioo vya Mutuma, nje, mstari mwembamba. Kwanza nikakaa mimi kwenye usukani, Huqa akatembea. Nikamwona kwa kioo cha kushoto na kofia yake na mwendo wake wa kuburuta kisigino, akakua, akakua, na kioo kilipomwachia tu nikamwona kwa pembe ya jicho, dirishani. Hakupotea hata kidogo. Kulia pia, vile vile. Nilifurahi, siwezi kuficha. Nilishuka nikiwa najiona mwalimu.

"Sasa wewe," nikamwambia. "Angalia mbele. Ukiniona sema nakuona. Nikipotea sema."

Nikaenda nyuma. Nikatembea upande wa kulia, viatu vyangu vikisaga changarawe. "Nakuona," akasema. "Nakuona. Nakuona. Umefika mlangoni." Vizuri. Nikarudi nyuma, nikatembea kushoto. "Nakuona," akasema. "Nakuona. Nakuona. Umefika dirishani. Umepita." Alisema sawa kabisa, kila hatua.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi kuliko siku zote. Kama vioo viko sawa na jicho linaniona, Lochoro alipotelea wapi? Na punda? Na nguzo? Nikasimama mbele ya gari nimeshika kiuno. Huqa akatoa kichwa nje. "Umeona?" akasema. "Leo kiko sawa kwa sababu leo umekiweka sawa. Siku zile ulikiweka vibaya."

Nilikuwa karibu kukubali. Nikasema tu, "Tufanye mara nyingine ya mwisho."

Nikaanza tena kutoka nyuma, kushoto. "Nakuona," akasema. Nilipofika kwa gurudumu la nyuma, mbuzi mmoja alikuwa ameingiza kichwa katikati ya vyuma, kamba imemkaba, anakoroma. Nikasimama kumtoa. Miguu yake iligonga bati ya gari, ko, ko, ko, na mimi nimesimama pale pale nikihangaika na pembe zake.

"Nakuona," akasema Huqa. "Nakuona. Umefika dirishani. Haya, umepita."

Mikono yangu ikasimama kwenye ile kamba.

Nikadhani ananitania. Huqa zamani alikuwa na utani wake. Nikasubiri acheke. Hakucheka. Alikuwa ameangalia mbele, kichwa amekiinamisha kidogo upande wangu, vile mtu anavyofanya redio ikiwa na sauti ndogo.

Nikaichomoa kamba shingoni mwa mbuzi, nikamwachia. Nikainama nikavua viatu, kimoja, halafu cha pili, nikaviweka chini polepole. Changarawe ilikuwa imeshaanza kupata moto. Nikatembea. Nikakiangalia kioo, na ndani yake nikauona uso wake. Nikafika dirishani, dirisha liko wazi, ningenyoosha mkono ningemshika bega. Nikasimama hapo na buibui yangu yote na ukubwa wangu wote, na jua linanipiga.

Hakusema nakuona.

"Mbona umesimama?" akasema, akiangalia mbele. "Endelea. Nakuona."

Nilitaka Mwenyezi Mungu anirudishe nyuma, niwe mjinga tena, niwe mwenye makosa ya kioo. Nilikuwa tayari kuchukua hayo makosa yote, hata ya nguzo.

"Huqa," nikasema.

Sikuwa nimemwita jina lake tangu Amran azaliwe. Alishtuka mwili mzima. Akageuza kichwa chote, akakivutia mpaka begani ndipo akanipata, karibu uso kwa uso. Akaniangalia. Akashusha macho akaona miguu yangu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Sijui."

"Baba Amran."

"Sijui, mama. Wallahi sijui. Nilidhani ni vioo." Akajifuta uso kwa kiganja, upande wa kushoto, kama kuna vumbi hapo. "Hakuumi. Hakuna giza. Hakuna kitu tu. Wewe ulikuwa unasema sawa, ngoja, sawa. Siku uliponyamaza, kushoto kukaisha."

Hata sasa sijui nilikuwa nimekaa kando ya hilo jicho muda gani nikilifanyia kazi yake, yeye hajui, mimi sijui, tukienda sokoni na kurudi tukigombana kuhusu chumvi. Nikamuuliza mbona basi leo amesema ananiona. Akasema, "Nilisikia viatu." Halafu akasema tena, chini zaidi, "Nilitaka nikuone."

Nikamwambia tukimaliza sokoni tunaenda hospitali, leo, si kesho, na asiniletee habari za Korbesa. Akasema, "Mbuzi kwanza." Nikasema mbuzi kwanza. Hakubisha tena, na kule kutobisha kuliniumiza kuliko yote. Nilikuwa nimeupigania huo usukani mwaka mzima, nimeununia, nimeuota, na sasa uko mbele yangu sikuutaka hata kidogo.

Nikavaa viatu. Nikazunguka kwa nyuma, nikafungua mlango wa dereva.

"Songa," nikamwambia.

Akasonga bila kuuliza, mkono wa kushoto ukitangulia kupapasa kiti.